Meza isiyo na maandishi

Ikifika jioni, vijiwe vya Majengo hapa Moshi havikosi drafti. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa kalamu ya wino mzito, kete ni vizibo vya soda. Mmoja huviweka vya kwake kifudifudi, mwenzake huviweka chali, meno juu. Ukipata kingi unapandisha kizibo juu ya kizibo, basi, kila mtu ameona. Umeme ukikatika mnaendelea kwa tochi ya simu, na hata tochi ikisuasua kidole chenyewe kinajua: hiki kina meno yanayokwaruza, hiki mgongo wake ni laini. Hakuna karatasi ya maelekezo wala kadi ya kusoma. Nimeona mzee asiyejua kuandika jina lake akimtoa jasho kijana wa ofisini aliyekuja na tai yake shingoni.

Mimi ni seremala. Natengeneza milango, vitanda na makabati, na kwa miaka ya karibuni michezo ya mezani pia. Michezo hailipi kama milango, lakini ndiyo inayonikosesha usingizi. Na ni mmoja wa watu ambao maandishi yamewasumbua tangu utoto. Shuleni tulikuwa tunasoma kwa zamu, kila mtu na aya yake. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa vilivyokaa mbele yangu, nijue ni aya ipi itaniangukia, kisha naikariri kimoyomoyo wakati wenzangu wanasoma za kwao. Mwalimu akimruka mtu mmoja tu, nimekwisha. Nikisimama, herufi nazijua moja moja, lakini hadi niziunganishe ziwe neno, darasa zima limeshaanza kukohoa. Niliitwa mvivu, nikachapwa kama mvivu, na kwa muda mrefu na mimi niliamini hivyo hivyo.

Leo nasoma. Polepole, kwa kurudia mstari, na ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nasubiri mtu aufupishe. Vipimo vya mbao sina shida navyo. Mchoro wa kabati nikiuangalia mara moja nauona umesimama.

Jina la hali hii nililisikia nikiwa mtu mzima, kwa sababu ya mpwa wangu. Huyu ni binti wa mdogo wangu wa kike, wanakaa Pasua. Alifika darasa la tatu hawezi kusoma sentensi ikaisha, na huku mdomoni ni mwepesi kuliko ndugu zake wote. Bahati yao, shuleni pale alihamia mwalimu aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi, kule Meru mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Alimwita mama mtu, akamweleza taratibu kwamba mtoto si mjinga na wala haangalii nje ya dirisha kwa makusudi. Akataja disleksia. Mdogo wangu alinipigia simu jioni hiyo. Alivyokuwa ananieleza dalili moja baada ya nyingine nilikaa chini kwenye maranda.

Jambo lenyewe si geni duniani. Daktari wa macho wa Kijerumani, Rudolf Berlin, alilitumia jina hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1887. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika kuhusu kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye baada ya miaka mingi ya kufundishwa alikuwa bado anashindwa hata maneno mafupi. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyo ndiye angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Na daktari akaongeza kwamba Percy ni mwepesi kwenye michezo. Nadhani alimaanisha michezo ya uwanjani, lakini mwalimu wa mpwa wangu aliponisimulia habari hiyo, sehemu hiyo ndiyo iliyonikaa.

Tunavyoelewa sasa, tatizo haliko kwenye macho. Kwa watu wengi linaanzia kwenye namna ubongo unavyoshughulikia sauti za maneno na kuziunganisha na herufi zake. Wengi wetu pia tunachoka haraka tukitakiwa kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja: usome, ukumbuke ulichosoma, ukumbuke kanuni, uamue, na wenzako wanakungoja. Akili ya kuamua ipo tele. Inamalizwa njiani kabla hujafika kwenye uamuzi.

Kuna watu huniambia kwamba Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto wa Kitanzania hawezi kupata ugonjwa huu wa Wazungu. Kwanza si ugonjwa. Pili, anaupata vizuri tu. Kwenye lugha zenye tahajia iliyonyooka, kama Kiitaliano, shida hujionyesha zaidi kwenye kasi kuliko kwenye makosa. Mtoto anafika, ila anafika wenzake wameshafunga madaftari. Halafu maneno yetu ni marefu, na maana nzima inaweza kukaa kwenye silabi moja katikati. Mwandikie mpwa wangu kadi ya mchezo yenye "usipolipa" na nyingine yenye "ukilipa", kisha mwambie asome haraka watu wanamwangalia. Ndipo utaelewa kwa nini mtoto mwenye akili zake anaamua kusema ana kiu.

Hilo la kiu nililiona kwa macho yangu.

Kwenye mitumba ya Memorial, katikati ya viatu na mabegi, huwa yanatokea maboksi ya michezo kutoka nje. Wauzaji hawayajui, kwa hiyo bei yake ni ya kuondoa mzigo. Nilinunua mmoja wa kununua viwanja na kujenga nyumba, una pesa zake za karatasi na kadi za bahati, nikaupeleka Pasua siku ya Jumapili. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mtoto anahesabu pesa kwa kuangalia rangi ya noti, anapanga nyumba zake, anamcheka kaka yake. Kisha akatua kwenye kadi.

Akaichukua, akaitazama. Kadi yenyewe Kiingereza, lakini hata ingekuwa Kiswahili. Niliona kidole gumba kinafunika mstari wa kwanza, kinashuka, kinarudi juu. Kaka yake akasema, "Soma basi." Mama yake akasema, "Mwache asome." Hiyo "mwache" ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa meza nzima imenyamaza kumsubiri. Akaiweka kadi chini kwa adabu kabisa.

"Mjomba, mimi nina kiu."

Akaenda jikoni na hakurudi. Tulicheza tukamaliza bila yeye, na mtu mmoja akasema pale mezani kwamba mtoto huyu hapendi kushindwa. Nikajisemea, hapana, alikuwa anaongoza.

Ndipo nilipoanza kuiangalia michezo kama fundi anavyoangalia kiti cha mwenzake, kwa kukigeuza chini juu. Nikaona kwamba kiasi cha maneno ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni wakati ambao maneno hayo yanakujia. Kitabu cha kanuni cha kurasa nyingi hakimuumizi mtu, kwa sababu mmoja wenu atakisoma nyumbani kisha atawaonyesha wengine. Kadi yenye mstari mmoja inamuumiza, kwa sababu inamkuta zamu yake, mbele za watu, na hakuna wa kumsomea bila kuona siri yake. Waundaji wengi wa michezo hawalifikirii hili. Wanadhani wakiandika kwa kifupi wamesaidia.

Rafiki yangu mmoja anaongoza wageni Kilimanjaro. Wageni wakishuka mlimani huacha vitu: soksi, chupa, dawa za malaria, na safari moja waliacha mfuko wa kitambaa wenye vibao vya mbao vinavyogongana. Alijua nitavipenda. Ulikuwa mchezo wa Kimarekani uitwao Qwirkle, uliobuniwa na Susan McKinley Ross na kutoka mwaka 2006. Mwaka 2011 ulipewa tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Ndani kuna vibao 108, maumbo 6 kwa rangi 6, kila kimoja mara tatu. Unapanga mstari wa umbo moja rangi tofauti, au rangi moja maumbo tofauti. Ukikamilisha sita unapata pointi 12, yaani sita za vibao na sita za nyongeza. Hapo umeshaujua mchezo wote.

Nilishika kibao kimoja muda mrefu. Unene wake unasimama wenyewe mezani, kingo zimepigwa msasa, rangi imekaa juu ya mbao nyeusi kwa hiyo umbo linaonekana kutoka mbali. Mpwa wangu alifundishwa kwa kuonyeshwa vibao vitatu vilivyopangwa na viwili visivyokubalika. Hakuna aliyesoma chochote. Raundi ya pili alikuwa anamwambia kaka yake, "Hapo huwezi, angalia mstari wa juu." Yaani anaona mistari miwili inavyokutana kabla yetu. Kiu haikumshika.

Ila usiku umeme ulikatika, tukawasha taa ya sola, na chini ya ule mwanga nyekundu na chungwa zikawa kitu kimoja. Kosa si la mchezo, ni la taa yetu. Lakini lilinifundisha jambo ambalo limekuwa sheria bandani kwangu, kwamba rangi isibebe habari peke yake. Na si kwa ajili ya gizani tu. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hatofautishi rangi fulani vizuri, na huku kwetu pia nimekutana na fundi rangi wa magari ambaye nyekundu na kijani anaziuliza. Nilichukua patasi ndogo nikavitia vibao vyote alama ubavuni, kila rangi na mkato wake: mmoja, miwili, msalaba, shimo. Mwenye mchezo akiona atalia, lakini sasa tunacheza hata kwa mshumaa.

Hapo utaniuliza, si tuna bao? Tunalo, na hakuna mahali nilipojifunza zaidi kuhusu kazi hii. Nilifundishwa na mzee mmoja fundi cherehani aliyetoka Pangani, aliyekuwa na kibaraza karibu na stendi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mnapoanza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 amebaki nazo za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja kila zamu. Nyumba ni shimo la pembe nne wakati mengine ni ya mviringo, kwa hiyo huhitaji kuambiwa iko wapi, vidole vinaijua vikipita. Ukisambaza kete unaachia moja moja, na mkono wenyewe ndio unaohesabu. Hakuna habari iliyofichwa kwenye karatasi. Yote iko mezani, wazi.

Na hakuna hata mtu mmoja ninayemjua aliyejifunza bao kwa kitabu. Mzee alikuwa ananishika kifundo cha mkono. "Hapana mjukuu wangu, hapo huli, hapo unatakasa. Rudisha." Kutakasa ni kusambaza bila kula kete za mwenzako. Narudisha. Kesho ananikamata tena palepale. Kanuni zinaingia kwa mkono na sikio, kipande kwa kipande, wakati ule ule unapozihitaji.

Lakini niseme na hili, kwa sababu kuna watu wakisikia habari za kugusa na kuona wanafikiri ni dawa ya kila kitu. Mpwa wangu bao halipendi. Kusambaza anakufurahia, sauti ya kete anaipenda, ila kutabiri mkono utaishia wapi baada ya mizunguko mitatu kunamchosha, na kichwa cha mtu asiyeshika mambo mengi kwa pamoja hakipunguziwi mzigo eti kwa sababu kete ni nzuri kushika. Bao ni gumu kwa haki. Gumu kwako ni gumu kwangu. Si sawa na ugumu wa kadi, unaompata mmoja tu mezani. Mtoto ana haki ya kusema mchezo fulani haumpendezi, kama mtoto mwingine yeyote.

Basi nikaanza kutengeneza wa kwangu. Ni mchezo wa kushusha mazao kutoka vijiji vya mlimani, Marangu, Kibosho, Machame, hadi soko la Mbuyuni. Mazao ni manne: ndizi, kahawa, parachichi, mahindi. Natumia mabaki ya mbao bandani. Ndizi ni saiprasi ya njano, imepinda. Kahawa ni mninga mwekundu, mdogo, una mfereji katikati kama buni yenyewe. Parachichi ni grevilea, la mviringo na zito, limepigwa msasa hadi linateleza. Mahindi nimeyakwaruza kwa tupa yawe na mistari. Ukitia mkono mfukoni bila kuangalia unajua umeshika nini. Rangi, umbo na mguso vinasema jambo moja. Ukikosa kimoja, viwili vinabaki.

Ubao ndio uliochukua muda. Kijana anayenisaidia bandani alitaka tuweke mishale ya kuonyesha njia. Mimi kushoto na kulia hunichanganya hadi leo, nikiendesha pikipiki mtu akiniambia kata kulia naangalia kwanza mkono ninaoshikia nyundo. Na wachezaji wakikaa pande nne za meza, mshale unaoenda kulia kwangu unaenda kushoto kwako. Hapa Moshi hakuna haja ya yote hayo. Mtu akikuelekeza njia anakwambia panda au shuka, maana mlima upo pale kila mtu anauona, labda siku ya mawingu. Nikachora Kibo kwenye ukingo mmoja wa ubao, na theluji yake, basi. Kanuni zote zinasema kupanda na kushuka. Hata ukae upande gani wa meza, mlima haujahama.

Mahali pa kuweka mzigo nimepachimba kwa patasi, kila shimo na umbo lake. Parachichi haliingii kwenye shimo la ndizi. Hakuna haja ya kukumbuka kanuni ambayo mbao yenyewe inakuzuia kuivunja. Kila mchezaji ana kibao chake cha zamu chenye matundu matatu na kijiti: kwanza picha ya mkono unaochukua, kisha sarafu, kisha mguu. Unahamisha kijiti kadiri unavyofanya. Mtu akikusemesha katikati ya zamu ukasahau ulipofikia, kijiti hakijasahau. Nilikifanya kwa ajili ya mpwa wangu, na wanaokitegemea zaidi ni wale jamaa wanaocheza huku wakijibu simu.

Kuhusu alama nina neno. Watu wakishaelewa kwamba maandishi yanasumbua, wanakimbilia michoro, na wakiruhusiwa watakuwekea michoro ishirini kwenye kadi moja: mshale, nyota, pembetatu yenye jicho. Hiyo ni alfabeti mpya, tena isiyo na mwalimu. Kuna michezo mikubwa ya kadi yenye alama nyingi kiasi kwamba hata wasomaji hodari huhitaji karatasi ya kuzifasiri. Sisi tuna alama sita. Kila moja ni picha ya kitu chenyewe, na ikimaanisha jambo moja hapa haimaanishi jingine kule. Jambo likihitaji alama ya saba, ninaliondoa jambo.

Karatasi ya kanuni ipo, ukurasa mmoja na picha. Nilipewa ushauri wa fonti maalumu za watu wa disleksia, zile zenye herufi nene chini. Ushahidi kwamba umbo lile la herufi linasaidia ni hafifu. Kinachosaidia zaidi ni nafasi. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kiitaliano na Kifaransa wenye disleksia walisoma vizuri zaidi herufi zilipotenganishwa kuliko kawaida. Kwa hiyo tumetumia herufi za kawaida zisizo na mikia, kubwa kiasi, zenye nafasi, mistari mifupi inayoanzia kushoto, bila herufi za mlazo, bila sentensi nzima ya herufi kubwa, kwenye karatasi ya rangi ya maziwa isiyong'aa. Kijana wa steshenari alilalamika kwamba ukurasa unabaki mtupu sana, tungejaza. Nikamwambia ule utupu ndio ninaoulipia.

Na bado, wengi hawaigusi hiyo karatasi. Nilirekodi kanuni kwa sauti kwenye WhatsApp, dakika chache tu, na ndiyo inayozunguka. Juzi mteja kutoka Sanya Juu aliniambia ameujua mchezo wote akiwa ndani ya Hiace.

Si kila mtu alifurahi. Mdogo wangu alinijia juu siku moja, mwezi wa tisa, upimaji wa darasa la nne unakaribia.

"Kaka, mtoto ana mtihani, wewe unamchezesha. Hivyo vibao vitamwandikia insha?"

Nilimwambia haviandiki. Na ni kweli, sijawahi kudai kwamba mchezo unamfundisha mtu kusoma. Kusoma kunafundishwa na mwalimu, kila siku, kwa mpango. Mwalimu yule wa Patandi ana silabi zake, ba, be, bi, nilizomkatia kwa mbao nikazibandika karatasi ya msasa. Mtoto anapitisha kidole kwenye herufi huku anaitamka, anaona, anasikia na kugusa kwa wakati mmoja. Njia hiyo ina historia, tangu kazi za Samuel Orton na Anna Gillingham kule Marekani miaka ya 1930, na mwalimu anaifuata kwa utaratibu, sauti moja hadi nyingine, bila kuruka. Naiheshimu kuliko michezo yangu.

Ila niligoma kitu kimoja. Watu wa mradi fulani walikuja bandani, wakapenda mchezo, wakataka niandike neno kwenye kila kipande: N-D-I-Z-I juu ya ndizi, na mtoto asiruhusiwe kuweka mzigo hadi asome. Waliahidi oda nzuri, na mimi nina kodi ya banda. Nikawaambia silabi za msasa nitawatengenezea hata gunia zima. Huu hapana. Mtoto huyu anasomeshwa mbele za watu tangu saa mbili asubuhi. Mkimletea na jioni kipimo kilichovaa nguo za mchezo atakigundua kabla hamjakaa chini, na atasikia kiu. Waliondoka kwa upole. Oda haikuja, nikauza kitanda.

Ninachokiona kwa mpwa wangu ni kidogo, nami nakisema kama kilivyo. Upimaji alipita kwa shida. Bado anasoma kwa kidole. Ila ndiye anayefundisha mchezo, kwa sababu anajua mtu anakwama wapi, na hana haraka na mtu aliyekwama. Nimemsikia akimwambia mama mmoja wa jirani, "Shikamoo mama, kaa hapa upande wa mlima, usijali, hakuna kusoma." Yule mama alikaa. Baadaye aliniuliza pembeni kama naweza kumtengenezea wa kwake, na kama ile sauti ya WhatsApp anaweza kutumiwa bila kupitia kwa watoto wake. Sikumuuliza kwa nini.

Sehemu iliyobaki na maandishi ilikuwa pointi. Tulikuwa tunaziandika kwenye daftari, na mwandishi siku zote ni yule yule anayeandika vizuri, ambaye kwa bahati ya ajabu siku zote anashinda. Sasa nimetoboa ubao wa pointi, mashimo kwa mashimo, kila la tano kubwa zaidi ili kidole kihesabu kwa tano tano, na kila mtu anachomeka kijiti chake mwenyewe. Tundu nimelibana kusudi, kijiti hakisogei bila kusukumwa, na kikisukumwa kinalia kwenye mbao. Tangu hapo yule mwandishi hodari hajashinda tena.

Mgogoro uliopo sasa ni wa bei ya parachichi. Mpwa wangu anasema ni ndogo mno ukilinganisha na uzito wake na kwamba mtu yeyote anayelima Kibosho atanicheka. Amekusanya saini za wachezaji, yaani kila mmoja ameweka kokwa moja la parachichi kwenye kopo pale mlangoni kwangu. Nimewaambia nitaangalia hesabu, lakini siyo wiki hii, nina milango ya watu.